Flashi ya kuokolea kompyuta: ilitoka wapi, na kwa nini uwe nayo leo

Leo naweka kando mambo ya kuandika programu, nataka tuzungumze historia kidogo. Historia yenyewe ni ya kitu ambacho wengi wenu mnacho mfukoni au kwenye kishikio cha funguo: flashi. Hasa ile flashi iliyotayarishwa ili kompyuta iweze kuwaka kwayo wakati mfumo wake wa ndani umekataa.

Nimechagua mada hii kwa sababu ya neno moja ninalolisikia kila wiki, "fomati". Mwanafunzi anawasha laptopu usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha tasnifu, anakuta skrini nyeusi yenye mstari mmoja unaosema mfumo endeshi haukupatikana. Asubuhi anakwenda kwa fundi. Fundi anaitazama dakika mbili, anasema hii ni ya kufomatiwa na kuwekewa Windows upya. Kazi inafanyika, laptopu inawaka vizuri kabisa, na tasnifu imekwenda. Kumbe mara nyingi tasnifu ilikuwa salama salimini kwenye diski, na vilivyoharibika ni vijifaili vichache tu vya kuwashia mashine.

Sasa, kwa nini kompyuta yenye faili salama ishindwe kuzionyesha, halafu kijiti cha shilingi mia kadhaa kiweze? Jibu lake lina zaidi ya miaka 40, na ukilielewa hutakubali tena neno "fomati" kirahisi.

Buti na kubuti

Kompyuta ikizimwa, kumbukumbu yake ya kufanyia kazi hufutika yote. Ukiiwasha asubuhi haijui hata diski ni nini. Ili isome mfumo endeshi kutoka kwenye diski inahitaji programu ya kusoma diski, na programu hiyo nayo iko kwenye diski! Wamarekani wa zamani walilifananisha jambo hili na mtu anayejaribu kujiinua kutoka chini kwa kuvuta vitanzi vya buti zake mwenyewe, na huko ndiko neno kubuti lilikotoka. Sisi ambao kiatu kile tayari tunakiita buti tumelipata neno bila shida.

Ufumbuzi wake ni kuweka kijiprogramu kidogo ndani ya chipu isiyofutika. Kazi yake ni kwenda mahali fulani, kuchukua kipande cha programu, kukiweka kwenye kumbukumbu na kukiachia mashine. Mahali hapo ni wapi? Historia yetu yote iko katika swali hilo.

Watu wengi wanadhani flopi ilibuniwa ili kubebea barua na mahesabu. La. IBM walipoileta mwaka 1971, ikiwa na upana wa inchi 8 na nafasi ya kilobaiti 80 hivi, ilikuwa ya kusomwa tu. Ilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta zao kubwa za System/370, ambazo zilihitaji kupakiwa maagizo yao ya ndani kila zinapowashwa. Yaani flopi ilizaliwa kama chombo cha kuwashia mashine. Kubeba kazi za watu kulikuja baadaye.

Mwaka 1981: nje kwanza, ndani baadaye

Tarehe 12 Agosti 1981 IBM walitangaza kompyuta yao binafsi, modeli 5150. Ndani yake kulikuwa na chipu yenye BIOS, na BIOS ilifuata utaratibu huu: jipime kama uko mzima, nenda kwenye flopi ya kwanza, soma sekta ya kwanza kabisa yenye baiti 512, ziweke kwenye kumbukumbu, kisha ziachie uendeshaji. Kama hakuna flopi, fungua lugha ya BASIC iliyomo ndani ya chipu. Baiti 512 ni karibu sawa na herufi za aya hii unayoisoma, na BIOS haikuuliza zimeandikwa na nani. Ilizisoma na kuzitii.

Mwaka 1983 ikaja modeli ya XT ikiwa na diski kuu ya megabaiti 10. Sasa mashine ilikuwa na mfumo wake wa ndani, lakini utaratibu uliachwa vile vile: angalia flopi kwanza, ukikosa ndipo uende kwenye diski. Simama kidogo hapo, msomaji wangu. Mfuatano huo wa nje kwanza na ndani baadaye ndio unaotuokoa mpaka leo. Diski ya ndani ikiharibika, mashine bado ina mlango wa nje. Kampuni za Compaq na Phoenix zilipotengeneza BIOS zao za kuiga ile ya IBM, tabia hiyo ilinakiliwa pamoja na mengine yote, na Phoenix kuanzia 1984 waliiuza kwa kampuni yoyote iliyotaka kuunda kompyuta. Hivyo ikaenea duniani.

Kwa mafundi wa enzi hizo, flopi moja ya DOS yenye programu kama FDISK na SYS ilikuwa sanduku la dawa. Mashine imekataa kuwaka? Tia flopi, washa, rudisha faili za mfumo kwenye diski kwa amri ya SYS, toa flopi, washa tena. Faili za mwenye mashine hazikuguswa. Tambua basi kwamba mwaka 1985 kompyuta iliweza kutengenezwa bila kufomatiwa.

Lakini mlango usiouliza jina huingiza kila mtu. Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi, waliandika programu iliyojificha kwenye sekta ya kwanza ya flopi. Ukiisahau flopi hiyo ndani ya mashine ukawasha, BIOS iliisoma na kuitii kama kawaida. Hiyo ndiyo virusi vya Brain, vya kwanza kuenea kwenye kompyuta za aina ya IBM. Baadaye vilikuja vya Michelangelo, vilivyosubiri tarehe 6 Machi ili kuandika takataka juu ya diski. Kwa hiyo mambo mawili yalizaliwa pamoja, uokoaji na uvamizi, na yote mawili yalitumia mlango mmoja.

Sidii iliyojifanya flopi

Miaka ya tisini mifumo ilinenepa. Windows 95 ilikuja kwa sidii, ila flopi yake ya dharura ilikuwa na kasoro ya kuchekesha: haikuwa na programu ya kuendeshea kisomea sidii. Ungeweza kuiwasha mashine iliyokufa, ukawa na sidii ya Windows mkononi, na usiweze kuisoma mpaka uongeze programu hiyo mwenyewe! Flopi ya Windows 98 ndiyo iliyokuja nayo tayari.

Dawa ya kweli ilikuwa kuifanya sidii yenyewe iwashe mashine. Curtis Stevens wa Phoenix na Stan Merkin wa IBM waliandika utaratibu huo, ukatolewa Januari 1995 kwa jina la El Torito, ambalo ni jina la mkahawa wa chakula cha Kimeksiko huko Irvine, California, mazungumzo yao yalikoanzia. Ujanja wao mmoja ulikuwa huu: sidii inabeba ndani yake picha ya flopi, na BIOS inaidanganya programu kwamba inasoma flopi. Kumbuka ujanja huo, utaurudia hivi punde.

Mwaka 2000 Mjerumani Klaus Knopper akatoa Knoppix, sidii yenye Linux kamili iliyojitambulia vifaa vya mashine yenyewe na kuonyesha dawati lenye madirisha na panya bila kusakinisha chochote. Kabla yake waokoaji walikuwa na tomsrtbt ya Tom Oehser, Linux nzima iliyobanwa kwenye flopi moja, lakini hiyo ilitaka mtu anayejua amri. Knoppix iliweza kutumiwa na mtu wa kawaida kufungua folda zake, kuziona, na kuzinakili.

Hapa kwetu tatizo lilikuwa kuipata. Faili ya megabaiti 700 kwa modemu ya simu ya kilobiti 56, hata laini isikatike na uende kwa kasi ya juu kabisa, ni zaidi ya saa 27. Kenya ilitegemea setilaiti mpaka kebo za baharini za TEAMS na SEACOM zilipoanza kazi Mombasa mwaka 2009, wakati huo mimi niko shule ya msingi. Ndiyo maana Ubuntu ilipotoka Oktoba 2004 na Canonical wakaanza kutuma sidii bure duniani kote kupitia mpango wa ShipIt, lilikuwa jambo kubwa kwa nchi kama yetu. Sidii ile iliyofika kwa posta iliweza pia kuwashia mashine iliyokufa, kwa sababu mfumo wake uliendeshwa bila kusakinishwa. Mpango huo ulifungwa mwaka 2011.

Flashi inaingia

Aprili 1999 kampuni ya M-Systems ya Israeli iliomba hataza ya kifaa cha kumbukumbu cha USB. Mwaka 2000 Trek Technology ya Singapore ilileta ThumbDrive, na mwishoni mwa mwaka huo IBM wakaanza kuuza flashi ya M-Systems yenye megabaiti 8. Ziliweza kubeba data mara tano zaidi ya flopi ya 1.44. Lakini kuwasha kompyuta? Bado. BIOS nyingi za wakati ule hazikujua kusoma USB kabla ya mfumo endeshi kupanda.

Zilipojifunza, zilijifunza vibaya. Aliyewahi kufungua BIOS ya zamani anakumbuka machaguo matatu: USB-FDD, USB-ZIP na USB-HDD. Maana yake ni kwamba flashi ilibidi ijifanye flopi, au diski ya Zip ya Iomega, au diski kuu. Ni ule ule ujanja wa El Torito! Flashi iliyowaka kwenye mashine moja iligoma kwenye nyingine, kwa kuwa kila mtengenezaji alichagua udanganyifu wake.

Mambo yalinyooka kwa hatua tatu. Kwanza, Windows Vista ilikuja na kisakinishi kilichoendeshwa na Windows ndogo iitwayo Windows PE, na hicho kilikubali kunakiliwa kwenye flashi, tofauti na XP ambayo haikutengenezwa kuwaka kutoka USB. Pili, mwaka 2007 Asus walitoa Eee PC, laptopu ndogo isiyo na kisomea sidii, ikawa lazima njia ya flashi ifanye kazi. Mwaka huo huo ikaja programu ya UNetbootin ya kutengenezea flashi za Linux. Tatu, mwaka 2008 mradi wa Syslinux wa H. Peter Anvin ulileta njia ya kuifanya faili moja ya ISO ifae sidii na flashi pia. Hii inanifurahisha sana kama mwandishi wa programu. Kanuni za sidii za mwaka 1988 zinaacha sekta 16 za mwanzo wazi, baiti 32,768. Wakachukua nafasi hiyo wakaweka mle ile sekta ya baiti 512 ambayo BIOS imekuwa ikiitafuta tangu 1981.

Hata Microsoft walijikwaa katika safari hii. Mwaka 2009 walitoa programu ya kuweka Windows 7 kwenye flashi, ikagunduliwa kwamba ndani yake mna msimbo wa programu huria yenye leseni ya GPL. Waliiondoa, wakakiri, na Desemba wakaitoa tena pamoja na msimbo wake wazi. Leo wengi wetu tunatumia Rufus, iliyoanzishwa na Pete Batard mwaka 2011, au Ventoy ya mwaka 2020, ambayo inakuwezesha kuweka faili nyingi za ISO kwenye flashi moja na kuchagua unayotaka wakati wa kuwasha.

Nani ashike ufunguo?

Mwaka 2005 makampuni yaliunda jumuiya ya kuendeleza UEFI, mrithi wa BIOS. UEFI haihangaiki na sekta ya baiti 512. Inajua kusoma FAT, inaingia kwenye folda ya EFI, kisha BOOT, na kwa kompyuta za kawaida inatafuta faili iitwayo BOOTX64.EFI. Hii ndiyo sababu siku hizi flashi ya kuwashia inaweza kutengenezwa kwa kunakili faili tu. Shida iliyobaki ni kwamba FAT32 haibebi faili moja ya gigabaiti 4 au zaidi, na Windows za sasa zina faili inayopita hapo. Flashi yako ikikataa kunakili faili ya install.wim, sababu ni hiyo, na Rufus ina njia yake ya kuizunguka.

Mwaka 2012, pamoja na Windows 8, ikaja Secure Boot. Kwa mara ya kwanza mlango wa nje ulipata bawabu: mashine inakataa kuendesha programu ya kuwashia isiyo na saini inayoitambua. Dhidi ya virusi vya aina ya Brain ni dawa nzuri. Lakini funguo zinazotambulika kwenye kompyuta nyingi ni za Microsoft, kwa hiyo watu wa Linux iliwabidi waombe saini huko, na programu ndogo iitwayo shim, iliyoanzishwa na Matthew Garrett, ndiyo iliyowafungulia njia. Kama flashi yako ya Ubuntu inawaka huku Secure Boot ikiwa imewashwa, mshukuru huyo.

Kuna upande mwingine ambao lazima niuseme. Nenosiri la Windows halilindi diski. Mtu yeyote mwenye flashi ya Linux anaweza kuiwasha laptopu yako na kusoma picha, barua na nakala za kitambulisho bila kuulizwa chochote, kama diski haijafungwa kwa BitLocker au programu ya namna hiyo. Fikiria hilo kabla hujaiacha laptopu dukani usiku kucha au kuuza ya zamani. Ila ukiifunga kwa BitLocker, andika ule ufunguo wa dharura wa tarakimu 48 mahali pengine, maana bila huo hata flashi bora haitafungua kitu.

Ijumaa ya Julai 2024

Kama kuna anayedhani haya ni mambo ya kale, akumbuke Ijumaa tarehe 19 Julai 2024. Saa 1:09 asubuhi kwa saa za kwetu, kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilisambaza faili yenye kasoro kwa wateja wake. Kompyuta za Windows zilizoipokea zilianguka, zikawaka, zikaanguka tena. Kampuni iliirekebisha saa 2:27, yaani dakika 78 tu baadaye, lakini mashine isiyoweza kuwaka haiwezi kupokea marekebisho. Microsoft walikadiria kompyuta milioni 8.5. Maelfu ya safari za ndege yalifutwa, mabenki na hospitali katika nchi nyingi zilikwama.

Dawa ilikuwa nini? Wafanyakazi walitembea kutoka mashine hadi mashine kufuta faili moja. Microsoft walitoa programu ya kutengeneza flashi ya kuwashia yenye Windows PE ili kazi iende haraka, na penye BitLocker ilibidi kila mashine iingiziwe ufunguo wake. Pamoja na teknolojia zote za mawingu, dunia ilirudi kwenye mlango wa 1981: zima, chomeka kitu cha nje, washa. Na dawa hiyo haikuhitaji kufomati.

Basi fanya hivi

Tafuta flashi ya gigabaiti 16 au zaidi na uipime kwanza kwa H2testw au F3, kwa sababu madukani ziko zinazojidai gigabaiti nyingi ambazo hazina. Hamisha kilichomo, maana kuitayarisha kunafuta kila kitu. Weka Ventoy, kisha nakili juu yake ISO ya SystemRescue au Ubuntu na ISO ya Windows unayotumia. Jua kitufe cha kuchagulia kifaa cha kuwashia: kwenye Dell na Lenovo nyingi ni F12, kwenye HP ni F9. Ijaribu sasa, mashine ikiwa nzima. Wengi wetu hapa tunanunua laptopu za mitumba kutoka Ulaya, na baadhi huja BIOS yake ikiwa na nenosiri la ofisi ya zamani. Bora ulijue hilo dukani kabla hujalipa, kuliko usiku wa tasnifu. Na kwa mashine hizo, flashi hiyo hiyo ndiyo njia ya kujaribu Linux, kwa vile usaidizi wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025.

Siku mashine itakapokataa, usisakinishe kitu. Washa kwa flashi, fungua diski ya ndani, nakili kazi zako kwenye diski nyingine. Ukisikia diski inagonga au inakwama sana, zima na utafute mtaalamu wa kuokoa data, usiendelee kuilazimisha. Kama sehemu za diski zimepotea, TestDisk ya Christophe Grenier imo ndani ya SystemRescue na inaweza kuzirudisha. Kazi zako zikishakuwa mahali salama, hapo ndipo unaweza kumruhusu fundi afomati.

Nikipata nafasi nitaandika kuhusu TestDisk peke yake, hatua kwa hatua. Kwa leo tuishie hapo.